Hati ya Kutoguswa

Ipo nchi moja, wala si ya mbali wala si ya zamani, ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga. Wenyewe wamelisajili, na kibali cha kuliandika hutoka baada ya siku tisini za kazi, na siku za kazi katika nchi hiyo ni chache. Ni nchi ya amani. Redio imelisema hilo mara nyingi mno hata hakuna tena mwenye shaka, na kama yupo, hajasikika tangu mwezi wa tatu.

Katika orofa ya nne ya Wizara ya Maadili na Maji, mambo mawili yaliyounganishwa ili kubana matumizi, ilikuwepo Bodi ya Macho na Masikio ya Taifa. Na katika Bodi hiyo alikuwepo Bi Mwanaidi Mndolwa, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mkimya, ambaye hakuwahi kusema "kama saa nne hivi" ikiwa ni saa nne na dakika tatu. Cheo chake kiliitwa Karani wa Muunganisho.

Cheo hicho kinahitaji maelezo. Sheria ilimkataza raia yeyote kutazama na kusikiliza filamu inayogusa Jambo Lile. Hilo ndilo jina lake rasmi. Lilikuwa jambo la wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, lakini kulitaja kulihesabiwa kuwa ni kulitangaza, kwa hiyo Bunge lilipitisha sheria bila kulitaja, na polisi, ambao hawakuambiwa, walitumia miezi minne ya kwanza kuwakamata wafuga njiwa na mtu mmoja aliyekuwa akipiga filimbi. Ndipo ukatolewa waraka wa kufafanua. Waraka ulifafanua vizuri mno, ukakamatwa nao.

Sasa, Bodi haikuweza kupiga marufuku filamu ambayo haijaikagua, wala haikuweza kuikagua bila kuvunja sheria. Wanasheria wa serikali walikaa miaka miwili wakatoka na jawabu: kosa halitimii mpaka picha na sauti vikutane katika kichwa kimoja. Ikaundwa Kamati ya Macho, wajumbe saba, ambao hutazama filamu bila sauti. Ng'ambo ya ukumbi ikaundwa Kamati ya Masikio, wajumbe saba, ambao huisikiliza mbele ya pazia jeusi. Walibaki safi wote kumi na wanne. Lakini lazima awepo mmoja wa kuunganisha kumbukumbu zao, na huyo hakuwa na budi kutazama na kusikiliza kwa pamoja. Bi Mndolwa aliruhusiwa kutenda kosa hilo saa za kazi, kwa sharti kwamba asubuhi hiyohiyo atie sahihi Hati ya Kutoguswa.

Hati hiyo ilikuwa karatasi moja ya rangi ya waridi yenye sentensi tatu. Nimetazama. Nimesikiliza. Sikuguswa. Chini kabisa, kwa ajili ya ukamilifu, paliachwa mstari wa nukta: Iwapo aliguswa, ataje mahali. Tangu Bodi ianzishwe mstari huo ulikuwa umejazwa mara moja tu, na Bwana Abedi Likoko, karani aliyemtangulia Bi Mndolwa. Alihamishwa mchana uleule kwenda kituo cha kazi ambacho jina lake bado linatafutwa. Mkewe huja kila Jumanne kuuliza. Hupewa kiti, maji ya kunywa na jibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Ni miaka sita sasa.

Bi Mndolwa alikuwa ametia sahihi hati elfu moja mia moja na sita, na zote zilikuwa za kweli. Hakuwa na moyo mgumu. Zilikuwa filamu mbaya.

*

Filamu namba elfu moja mia moja na saba ilifika Alhamisi pamoja na mtu wake. Kanuni zilitaka mhusika wa filamu ya makala awepo siku ya ukaguzi, athibitishe kwamba ndiye. Alikuwa bibi wa miaka sabini na tisa, mwembamba, amevaa koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua. Sajini Mikidadi, mlinzi wa ukumbi wa orofa ya nne, mtu mzima mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika Wizara, alimkalisha kwenye benchi na kufungua daftari.

"Jina?"

"Perpetua Sekimanga."

"Kazi?"

"Wakili. Mliniondoa kwenye orodha ya mawakili, lakini mlisahau kuniondoa akili."

"Hapa pana nafasi ya neno moja tu, bibi."

"Basi andika mstaafu. Ila mjue sijastaafu."

Bi Mndolwa alitoka na fomu zake, akaamkia.

"Marahaba," akasema bibi. "Wewe ndiye unayetazama na kusikiliza vyote viwili?"

"Ndiye."

"Hongera. Siku hizi si wengi."

"Unathibitisha kwamba wewe ndiye Perpetua Sekimanga anayeelezwa katika filamu hii?"

"Nitathibitishaje, mwanangu? Sijaiona."

Bi Mndolwa alipekua kanuni. Mhusika hakuruhusiwa kuiona filamu kabla ya kuthibitisha, wala kuthibitisha kabla ya kuiona. Akaandika: haijathibitishwa, sababu imeelezwa.

"Lakini aliyeitengeneza angekuonyesha nyumbani," akasema.

"Alitaka. Alikuwa hata amepata chumba nyuma ya duka la magodoro, watu waingie mmojammoja. Nikakataa. Miaka thelathini na miwili nimesimama mahakamani nikisema watu hawa wasilazimishwe kujificha. Sasa mimi nikaonyeshwe mafichoni? Nikamwambia sheria inasema tuombe kibali, tuombe. Ikionyeshwa, ionyeshwe ukumbini, watu wamekaa, nami nimekaa katikati yao."

"Na yeye yuko wapi?"

"Jumanne nilimshauri avuke mpaka. Mimi napenda sheria, sikusema naiamini."

Sajini Mikidadi aliinamisha uso kwenye daftari. Inawezekana alikuwa akiandika.

*

Filamu ilikuwa na urefu wa dakika themanini na nane. Bi Mndolwa aliitazama peke yake katika chumba cha Muunganisho, kalamu mkononi, akitafuta makosa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi. Kila filamu ina uongo mahali fulani, tarehe iliyosogezwa, machozi ya kukodi, na ukishauona uongo mmoja huna tena shida ya kutoguswa.

Alikuta haya. Miaka arobaini na sita iliyopita washonaji wawili wa kike wa soko la nguo walikamatwa kwa kulala kitanda kimoja. Kitanda kilipelekwa mahakamani, na shuka lake likawa kielelezo namba moja. Mawakili kumi na mmoja waliikataa kesi. Wa kumi na mbili, aliyekuwa na miezi saba tu kazini, alisimama akamwomba mwendesha mashtaka jambo dogo, ataje kosa. Mwendesha mashtaka hakuweza, maana kulitaja kulikatazwa. Hakimu alimpa siku tatu za kulitafuta jina jingine, hakulipata, washonaji wakaachiwa. Baada yao wakaja watu mia mbili na kumi na wawili, na Wakili Sekimanga aliwatetea wote kwa swali lilelile na kwa ibara moja ya sheria, mpaka siku serikali ilipomwondoa kwenye orodha kwa kosa la kurudiarudia.

Bi Mndolwa alihakiki tarehe na masjala. Zilikuwa sahihi. Alihakiki idadi. Ilikuwa sahihi.

Dakika ya arobaini na moja mmoja wa washonaji, sasa mzee sana, aliulizwa anachokumbuka. Hakulia. Alisema, "Kesi ilipokwisha alinirudishia shuka langu. Kielelezo namba moja. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi." Kisha akalitoa kabatini, akalikunjua, akalikunja tena, taratibu, kona kwa kona. Muda wote huo filamu haikusema kitu.

Shuka lilipokwisha kukunjwa Bi Mndolwa aliona kwamba kalamu yake haikuwa imeandika neno kwa sekunde kumi na moja. Aliona pia tone la maji kwenye fomu, upana wa milimita nne. Akatazama dari. Ilikuwa kavu, na ulikuwa mwezi wa kiangazi. Akajigusa shavu, akapata jibu, akaliandika pembeni kwa penseli pamoja na saa.

*

Kikao cha pamoja kilifunguliwa saa tano na dakika kumi na mbili na Mwenyekiti, Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Gaudensi Kahabuka, ambaye alihutubia kwa dakika ishirini akiwa amesimama chini ya picha kubwa ya Mwasisi wa Taifa.

"Waheshimiwa wajumbe wa Macho, waheshimiwa wajumbe wa Masikio, itifaki imezingatiwa, na ambaye haijamzingatia ajizingatie mwenyewe. Tumekutana kuilinda nchi isione ilichokisikia wala isisikie ilichokiona. Tuanze na Macho."

Mjumbe wa Macho, Bi Tabu Nyangasa, alisimama na uso uliojaa furaha. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Kamati yangu imependezwa mno. Ni filamu ya usafi wa nyumbani. Tumemwona mama mtu mzima akikunja shuka kwa ustadi wa hali ya juu. Tumeona pia watu wakiingia na kutoka mahakamani wakiwa nadhifu. Tunapendekeza ionyeshwe katika shule zote za msingi."

"Mmeiona mpaka mwisho?"

"Mpaka yalipoanza majina, Mheshimiwa. Chai ilikuwa tayari."

Hakuna aliyeshangaa. Katika nchi ile hakuna anayekaa kusoma majina ya waliofanya kazi.

Ndipo akasimama mjumbe wa Masikio. Kamati yake, alisema, ilikuwa imesikia uchochezi wa kutisha kuliko wote katika historia ya Bodi. Mwanamke mmoja alirudia maneno yaleyale mara tisa, kwa sauti ya utulivu, jambo lililoonyesha maandalizi. Akasoma: "Nyumba ya mtu ni ya mtu. Serikali itabisha hodi, na ikikataliwa itakwenda kutafuta sababu kabla ya kurudi."

Mtu mmoja alifunga dirisha.

"Hayo ni mapinduzi," akasema Mwenyekiti. "Aliyeyaandika akamatwe leo. Bi Karani, yameandikwa na nani?"

Bi Mndolwa alisimama. "Ni Ibara ya Kumi na Nne, Mheshimiwa. Katiba."

"Katiba ya nchi gani?"

"Ya hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na huyo aliyeyaandika yuko wapi sasa?"

"Yuko juu ya kichwa chako, Mheshimiwa."

Kumi na watatu kati yao waliinua macho. Wa kumi na nne, kwa tahadhari, aliyafumba. Mwasisi wa Taifa aliwatazama kutoka ukutani kwa tabasamu lake la siku zote, ambalo sasa lilionekana kuwa na maana nyingine.

Bodi, na isifiwe kwa hilo, haikufadhaika zaidi ya dakika tano. Iliazimia kwamba filamu iteketezwe kabla ya chakula cha mchana, na bibi aliyeyasema maneno hayo akamatwe. Kwamba Katiba iletwe mbele ya Kamati zote mbili kwa ukaguzi, na hadi hapo isipatikane bila kibali. Na kwamba picha ya Mwasisi igeuziwe uso ukutani mpaka atakapotoa maelezo. Mwasisi alikuwa marehemu, lakini kanuni hazikumpa msamaha kwa sababu hiyo. Wajumbe wawili walipanda juu ya viti wakamgeuza.

"Limebaki la mwisho," akasema Mwenyekiti. "Hati."

*

Karatasi ya waridi iliwekwa mbele ya Bi Mndolwa. Aliandika tarehe. Aliweka alama kwenye Nimetazama, akaweka alama kwenye Nimesikiliza. Kisha kalamu ikasimama.

"Bi Karani," akasema Mwenyekiti kwa sauti ya chini, "pale ni kutia sahihi tu."

"Najua, Mheshimiwa."

"Na hili tone kwenye fomu yako ni nini?"

"Ni chozi. Nimeliwekea saa."

Profesa Kahabuka alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka katika sahani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na miezi saba kabla ya kustaafu mara ya pili. "Sisi ni Wizara ya Maji pia," akasema. "Bomba linaweza kuvuja. Andika bomba."

"Mabomba ya orofa hii hayana maji tangu mwaka juzi. Niliandika taarifa mwenyewe."

"Mwanaidi." Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Una hati elfu moja mia moja na sita. Hii moja nani atakayeihesabu?"

"Mimi."

"Unamkumbuka Likoko?"

"Namwona mkewe kila Jumanne."

Alifikiri kwa dakika nzima. Si kwamba alikuwa shujaa. Kama angeulizwa, angesema neno hilo halina kipimo. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, dada mmoja mgonjwa, na pensheni ambayo angeipata baada ya miaka minane. Upande wa pili alikuwa na jambo moja tu, kwamba hakuna mahali popote katika Wizara hii palipokuwa na karatasi ya uongo yenye mwandiko wake. Alivipima. Kisha akashuka hadi mstari wa nukta akaandika kwa herufi ndogo zilizosimama wima: Dakika ya 41, sekunde ya 6 hadi ya 17.

Mwenyekiti aliisoma, akaiweka chini kwa ncha za vidole, akapiga simu. Aliongea maneno matatu. Wajumbe waliokuwa wamekaa karibu na Bi Mndolwa walikumbuka, mmojammoja, kwamba walikuwa na shughuli upande wa pili wa chumba.

*

Gari lilikuwa limekwenda kumchukua mtu mwingine, kwa hiyo aliambiwa asubiri. Hapakuwa na mahali pengine pa kusubiri ila lile benchi la ukumbini. Bibi Sekimanga alisogea kumpa nafasi.

"Nawe?" akauliza.

"Nami."

"Pole, mwanangu. Gari langu au lako?"

"Ni moja. Wanabana matumizi."

Dirishani ulipanda moshi mwembamba kutoka uani, wenye harufu ya plastiki. Wote wawili waliutazama. Hakukuwa na nakala nyingine. Fomu ya maombi ilidai zote, na bibi alikuwa ameijaza kwa ukweli.

Sajini Mikidadi alisimama mbele yao akakohoa. Aliwaeleza kwamba kuanzia sasa kila neno litakalosemwa kwenye benchi ni maelezo ya watuhumiwa. Ataliandika lote, na litatoka nakala saba kwa ofisi saba. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akapanga karatasi za kaboni.

Bibi Sekimanga alingoja mpaka zikapangika. Halafu, kama mtu anayeulizia picha ya arusi, akauliza, "Nimetokaje?"

Kusimulia filamu iliyoteketezwa kulikuwa na adhabu yake peke yake, miaka kumi na miwili. Bi Mndolwa aliijua ibara kwa namba.

"Unataka muhtasari au yote?"

"Gari linakuja saa ngapi?"

"Hawajasema," akajibu Mikidadi.

"Basi yote."

Bi Mndolwa alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini. "Sekunde ya nne," akasema. "Mlango wa mahakama ya mjini, picha isiyo na rangi. Mwanamke kijana anaingia. Joho limemzidi, pindo limefungwa kwa pini tatu."

"Nne," akasema bibi. "Lilikuwa joho la kuazima."

"Zinaonekana tatu. Sekunde ya kumi na tisa."

Alisimulia hivyo, bila kupamba, kila picha mahali pake na kila sauti mahali pake. Mikidadi aliandika. Dakika ya ishirini na tatu gari lilisikika likisimama chini, na kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, buti zikaanza kupanda ngazi. Bi Mndolwa hakuharakisha. Watu wawili wenye miwani myeusi walitokea wakauliza, "Ndio hawa?"

"Ndio hawa," akasema Mikidadi, bila kuinua uso. "Lakini maelezo hayajakamilika. Hairuhusiwi kumwondoa mtuhumiwa katikati ya maelezo. Kaeni."

Walitazamana. Kanuni ilikuwa kweli ipo. Wakakaa chini sakafuni, migongo ukutani, kwa kuwa benchi lilijaa. Ilipofika dakika ya arobaini mmoja wao alikuwa amevua miwani. Mlango wa Kamati ya Macho ulikuwa wazi upana wa sikio, na ule wa Masikio upana wa jicho. Moshi uani ulikuwa umekwisha. Gari lilinguruma chini muda wote, halikuzimwa.

Bibi Sekimanga hakumsahihisha tena tangu shuka. Alikuwa amekaa katikati yao, mikono ndani ya koti la mvua, akitazama ukuta mweupe mbele yake.

"Dakika ya themanini na sita," akasema Bi Mndolwa, "anatoka ofisini na sanduku la vitabu. Anafunga mlango, anaujaribu kama umefunga. Anaondoka. Giza."

"Halafu?" akauliza yule wa sakafuni.

"Halafu yanakuja majina ya wote waliosaidia. Waliotoa vyumba, waliohojiwa, waliotunza picha za zamani."

Mikidadi alibadilisha karatasi ya kaboni, akailainisha kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinua uso kabisa, akamtazama. "Majina gani?"

Yalikuwa thelathini na manne. Alikuwa ameyasoma mara moja, kwa kasi aliyosomea kila kitu, na aliyajua yote kwa mpangilio wake, hata yale mawili yaliyokosewa herufi.

"Sikuyasoma," akasema Bi Mndolwa.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Sajini Mikidadi aliinama akaandika. Ulikuwa uongo wa kwanza wa Bi Mwanaidi Mndolwa katika kumbukumbu za serikali, na ulitoka nakala saba.